Nesi Mwenye Mkia wa Herufi

Mchew! Jina lenyewe maneno mawili, la kwetu kabisa, la binti wa Muheza aliyelelewa na bibi yake. Baada ya jina, mkato. Baada ya mkato, DNP. Mkato tena, APRN. Mkato tena, FNP-BC. Picha ya kadi yake ya kazi, kutoka Marekani, ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kwa kuwa simu kijiweni haina mwenyewe, ikazunguka benchi zima kabla kahawa haijapoa.

Dereva wa bajaji akasema hizo ni namba za kontena, mzigo wa watu umekwama bandarini. Fundi cherehani akasema ni vyeo vya jeshi la Marekani. Mzee wetu, karani mstaafu wa hospitali ya wilaya, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akauliza swali lililotuweka pale mpaka adhana ya adhuhuri: "Sasa huyu mtoto ni daktari au ni nesi?"

Ni nesi, mzee. Na ni daktari. Na si daktari. Agiza kashata, tukae.

Mimi nilikuwa na la kusema kwa sababu mpwa wangu yuko Houston, naye yumo kwenye kazi hiyohiyo. Nimeshamsumbua kwa maswali mpaka siku hizi ananijibu kwa ujumbe wa sauti tu, nasikia sahani zinaoshwa huku anaongea. Nikawaambia: huo mkia wa herufi una wenyewe watatu. DNP imetoka chuo kikuu. APRN imetoka serikali ya jimbo. FNP-BC imetoka kwenye bodi ya mtihani, ambayo si chuo wala si serikali. Sisi tunausoma wote kwa pumzi moja kama sifa za bwana harusi, kumbe kila kipande kinasema jambo lake na kina mtu wake wa kukifuta.

Mpangilio nao haukuja kwa bahati. Shahada inatangulia kwa sababu ukishaipata ni yako mpaka kaburini, labda igundulike uliiiba. Leseni inafuata: jimbo limekupa, na jimbo linaweza kukunyang'anya ukikutwa umelewa zamuni. Cheti cha bodi kinakuja nyuma kwa sababu kina tarehe ya mwisho; kwa kawaida kinadumu miaka 5, na ukizembea kukihuisha kinakufia mkononi. Heshima za vyama ndizo za mwisho kabisa. Ukiona FAAN, jua mwenzako amepokelewa kwenye American Academy of Nursing, jumuiya ya wakubwa wa fani, na hongera zake, lakini herufi hizo nne hazimpi ruhusa ya kumchoma mtu sindano hata moja.

"Basi kubwa kuliko zote ni DNP," fundi akasema, "ndiyo iliyotangulia."

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. DNP ni shahada ya udaktari katika uuguzi, ila ni ya vitendo. Ipo PhD ya uuguzi, hiyo ni ya watafiti na wahadhiri. DNP ni ya anayebaki na wagonjwa, au anayeongoza kliniki na kurekebisha namna kazi inavyofanyika. Nayo ni changa. Chuo Kikuu cha Kentucky ndicho kilichoianza, 2001. Mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya Marekani ukatangaza kwa kishindo kwamba ifikapo 2015 yeyote anayeingia uuguzi wa ngazi ya juu aipitie hiyo. 2015 ikafika, ikapita kama basi la mikoani usiku, na wenye shahada ya uzamili wakaendelea kupewa leseni ileile. Waliokaza kamba ni watu wa usingizi peke yao: tangu 2022, mwanafunzi mpya wa kazi hiyo lazima aanzie kwenye programu ya ngazi ya udaktari. Kwingineko, mwenye uzamili na mwenye DNP wanakaa vyumba viwili vinavyopakana, wanapima watu walewale, wanaandika dawa zilezile, na jimbo halimwongezei mwenye DNP hata tone la wino.

Sisemi DNP ni bure. Inadai saa zisizopungua 1,000 za vitendo baada ya shahada ya kwanza, na mtu hujifunza kusoma takwimu za wagonjwa wake badala ya kukisia. Ninachosema ni kwamba mgonjwa akitaka kujua huyu aliye mbele yake anaruhusiwa kumfanyia nini, DNP haimjibu. Jibu liko kwenye herufi za katikati, zile ambazo fundi alizipita mbio.

APRN, basi. Maana yake ni muuguzi aliyesajiliwa, kisha akasoma tena, akafanya mtihani mwingine, akapewa leseni ya pili juu ya ile ya kwanza. Ndani yake mna kazi nne. Kuna muuguzi mkunga, CNM. Kuna muuguzi wa usingizi, CRNA. Kuna muuguzi bingwa wa fani, CNS, ambaye kazi yake kubwa ni kuinua matibabu ya wodi au idara nzima. Na kuna NP, ambaye pale kijiweni tulimwita muuguzi tabibu, kwa kuwa anakusikiliza, anakupima, anatamka ugonjwa na kuandika dawa. Hawa wa mwisho ndio jeshi lenyewe, zaidi ya 380,000 Marekani nzima. Binti wa Muheza yumo humo.

"Mambo ya juzi hayo," mzee karani akasema. "Enzi zetu nesi alikuwa nesi."

Mchew. Samahani, mzee wangu, siyo kwako, ni kwa hiyo enzi. Enzi gani? Mwaka 1925 Mary Breckinridge alikuwa kwenye milima ya Kentucky na wauguzi wakunga wake wanapanda farasi kwenda kuzalisha, kwa sababu barabara hakuna na daktari hakuna. Kabla ya hapo, Rochester kule Minnesota, kwenye hospitali ya kina Mayo, Alice Magaw alikuwa analaza watu kwa etha na klorofomu ili ndugu wawili wapasue kwa nafasi. 1906 akachapisha hesabu yake: watu zaidi ya 14,000, na hakuna aliyemhesabu kuwa aliuawa na dawa ya usingizi. Nesi huyo. Madaktari wa wakati ule walikuwa wanaikimbia kazi ya usingizi, fedha ilikuwa kwenye kisu.

Fedha ilipohamia kwenye usingizi, na kesi zikaanza. Huko Los Angeles madaktari walimshitaki muuguzi wa usingizi, Dagmar Nelson, kwamba anafanya udaktari bila leseni. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1936 mahakama ikasema: huyu anafanya kazi ya uuguzi chini ya maelekezo ya mpasuaji, mwacheni. Fikiria hilo, ndugu zangu. Karibu miaka 90 iliyopita watu walishapanda kizimbani kubishania kitu hikihiki tunachokibishania kwa kahawa ya mia tatu.

Hao NP wenyewe walizaliwa 1965, Chuo Kikuu cha Colorado, kwa mikono ya muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Vijijini na mitaa ya maskini watoto walikuwa hawana wa kuwaona. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaanzisha Medicare kwa wazee na Medicaid kwa wasiojiweza, watu wengi wakapata kadi ya matibabu ghafla, lakini madaktari hawakuongezeka kwa ghafla. Wauguzi wenyewe hawakumpokea Ford kwa vigelegele. Wapo waliomwambia amewauza kwa madaktari. Amekufa Januari 2025 akiwa na miaka 104, ameshaona kazi aliyoianza na kikundi kidogo ikijaza nchi.

Muuza kahawa, ambaye huwa hachangii mpaka birika liishe, akasema: "Lakini sisi hii tunaijua. Kwetu Handeni nani alikuwa anatutibu? Tabibu. Tukimwita daktari anaitika."

Kweli kabisa, na ndiyo sababu huwa nacheka nikiona Watanzania wenzangu wanashangaa kwamba Marekani nesi anaandika dawa. Zahanati ngapi hapa zinaendeshwa na tabibu na muuguzi mkunga tu? Daktari msaidizi, yule AMO, alianza kufundishwa 1963, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya akina mama wa vijijini waliopasuliwa ili kujifungua walipasuliwa na yeye. Dawa ya usingizi hospitali za wilaya nani anaitoa? Mara nyingi ni muuguzi aliyeongezewa mafunzo. Kenya wamempa na herufi zake, KRNA, anasajiliwa kwa jina hilo. Tofauti yetu na Wamarekani ni kwamba wao wameandika kila kitu kwenye beji, sisi tumefunika vyote kwa neno moja, "dokta", na anayeulizia zaidi anaonekana mjeuri.

Ila wasijisifu sana, maana kuandika nako wamekuvuruga. Mtu huyohuyo, kazi hiyohiyo: Pennsylvania anaitwa CRNP, Iowa ARNP, New Jersey APN. Florida walikuwa na lao, wakalibadilisha kuwa APRN mwaka 2018. Mwaka 2008 vyama na mabaraza yao yalikaa yakakubaliana mfumo mmoja, kwamba jina liwe APRN kila mahali, kazi ziwe zile nne, na kila mmoja asomee kundi maalumu la watu: familia yote, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga, afya ya wanawake, au afya ya akili. Majimbo yakaitikia kila moja kwa wakati wake, kama kawaida ya majimbo. Na mamlaka yenyewe hayafanani. Zaidi ya nusu ya majimbo yanamwacha muuguzi tabibu ajitegemee kabisa. Texas hapana: mpwa wangu hawezi kuandika dawa bila mkataba na daktari. Akihamia New Mexico, jimbo la jirani, anajitegemea. Kichwa chake hakijaongezeka kitu njiani.

Hayo makundi ya watu ndiyo yanayoelezwa na kipande cha mwisho cha kadi. F ni familia, yaani binti wa Muheza anaruhusiwa kuona kichanga na babu yake. Mwingine atakuwa na PMHNP, huyo ni wa afya ya akili. Usimpelekee mguu uliovunjika. BC ni alama ya bodi iliyomtahini. Ipo bodi nyingine ambayo kwa kazi ileile ya familia inaandika FNP-C, na nimeshuhudia shangazi wawili kwenye kundi la ukoo wakitambiana eti wa kwangu ana herufi mbili wa kwako ana moja. Jamani! Ni mitihani miwili ya taasisi mbili, majimbo yanaipokea yote, mshahara ni uleule. Mchew kwa shangazi wote wawili, na nawapenda.

Turudi kwa swali la mzee, maana lina meno. Mwaka 2022 huko California muuguzi tabibu mmoja mwenye DNP aliburuzwa na waendesha mashitaka wa kaunti kwa sababu alikuwa anajiita daktari kazini na kwenye mitandao. Sheria ya jimbo hilo inamkataza asiye na leseni ya udaktari kujiita hivyo kwenye shughuli za tiba. Shauri likaisha kwa malipo ya karibu dola 20,000.

Benchi likagawanyika pale pale. Fundi: wamemwonea, shahada si inasema daktari? Dereva wa bajaji: hapana, mgonjwa akisikia daktari anaelewa kitu kimoja tu. Mama anayeuza vitumbua akasema wanaume mnapenda vyeo, yeye anachotaka ni mtoto apone. Mzee karani akatoa hoja ambayo sikuitegemea: kwamba London mpasuaji bingwa hujiita Bwana Fulani, siyo Dokta Fulani, na hakuna anayemtilia shaka. Ni kweli, ni desturi yao ya zamani. Nasi tulikuwa na rais mwenye digrii ya Edinburgh na digrii za heshima kibao, tukamwita Mwalimu mpaka leo.

Mimi nasimama upande wa dereva wa bajaji, nusu. Shahada ni yake, aiandike kwenye kadi, aitwe Dokta kwenye mahafali, kwenye harusi, kwenye mkutano wa kamati ya mazishi. Ndani ya chumba cha kupimia, mtu amevua shati na ana hofu, neno hilo linabeba ahadi nyingine. Basi aseme yote kwa pumzi moja: mimi ni Dokta Fulani, ni muuguzi tabibu, mimi ndiye nitakayekutibu leo. Yapo majimbo yanayoruhusu hivyohivyo, mradi atamke papo hapo kwamba ni muuguzi. Nani atakuwa amedanganywa hapo? Na hao madaktari wanaopiga kelele kuhusu kumlinda mgonjwa, chama chao kikubwa kinaendesha kampeni nzima dhidi ya wauguzi kupanua kazi zao, wasituambie ni huruma tupu. Neno daktari lilikuwa la walimu wa vyuo kabla halijawa la wenye vipimo shingoni.

Lakini wauguzi nao! 2021, chama cha wauguzi wa usingizi kikabadilisha jina lake, kikatupa neno lililokuwa linasema "watoa usingizi" na kuweka linalofanana na la fani ya madaktari bingwa wa usingizi. Mwaka huohuo chama cha wale wasaidizi wa madaktari, PA, kikapiga kura kwamba A isiwe tena msaidizi, iwe mshirika. Na mwaka huohuo tena, Mahakama ya Juu ya New Hampshire ikalazimika kuamua kama muuguzi anaweza kutumia jina la bingwa wa usingizi, ikasema jina hilo ni la madaktari wenye leseni. Watu wana foleni za wagonjwa mpaka nje, wao wako mahakamani wanagombea kiambishi. Mchew ndefu, ile ya kuvutia hewa kwa pembe ya mdomo.

Na msifikiri karatasi zikipangwa vizuri ndiyo salama. Januari 2023 FBI ilifumua biashara ya vyuo vitatu vya uuguzi vya Florida vilivyokuwa vinauza diploma. Siyo kufundisha, kuuza. Diploma zaidi ya 7,600, dola 10,000 hadi 15,000 moja. Na sikia hili: wanunuzi kama 2,400 waliingia kwenye mtihani wa taifa wa kupata leseni ya uuguzi wakafaulu.

"Kama walifaulu," akasema dereva wa bajaji, "kosa liko wapi?"

Kijiwe kikanyamaza kidogo, maana swali ni zuri. Mzee karani ndiye aliyelijibu, na miaka yake ya hospitali ikaonekana. Mtihani, akasema, unaulizwa umekaa, kiyoyozi kinapuliza, na mgonjwa wa kwenye karatasi hatapiki. Kuna kumwona mtu anabadilika rangi saa tisa usiku na kujua kwamba huyu hafiki asubuhi, kabla kipimo hakijasema. Hilo linapatikana kwa kusimama wodini na mtu anayelijua. Hizo saa ndizo walizozinunua. Dereva akakubali, ila akasema bado na madereva wa leseni za kununua wanamwudhi zaidi.

Nikawaambia kwa vyovyote vile, kule kuna mahali panaitwa Nursys, mtandaoni, bure. Unaandika jina la nesi na jimbo, unaona leseni yake iko hai au imefungiwa. Yeyote anaweza, hata wewe hapo ukiwa na bando. Binti wa Muheza tulimtafuta palepale. Yumo, safi, na fundi akaonekana kama aliyesikitika kidogo.

Kuna jambo moja sikulisema kwa sauti kwa sababu alikuwa anapita mdogo wa jirani yetu aliyeko Marekani. Nyumbani huku kila aliyeko Marekani akivaa yunifomu za hospitali ni "nesi". Wengi wao ni CNA, wasaidizi wa uuguzi: wanaogesha wazee, wanawageuza vitandani, wanawalisha. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya angalau saa 75 kwa kazi hiyo, na katika majimbo mengi kujiita nesi bila leseni ya uuguzi ni kosa. Yule jirani, ambaye ni mmoja wao, haionei haya kazi yake. Ni sisi tuliomvisha cheo kisha tukamtumia orodha ya michango inayolingana na cheo. Wengi wa wauguzi tabibu wetu walianzia hapohapo, mpwa wangu akiwamo: CNA, akasoma usiku, akapata leseni ya uuguzi, akafanya shahada, akafanya uzamili. Njia hiyo yote haionekani kwenye kadi, kwa sababu kadi inaandikwa ulipofika tu. Uingereza ni vioja zaidi, sheria yao imelinda cheo cha muuguzi aliyesajiliwa, lakini neno nesi lenyewe likaachwa wazi, mtu yeyote alitumie. Mwaka 2025 ndipo serikali ilipoahidi kulifungia.

Sasa niwape kilicho chini ya haya yote, maana mtu hatumii wakili miaka 90 kwa ajili ya herufi. Medicare, ile bima ya wazee, inamlipa muuguzi tabibu asilimia 85 ya kile ambacho ingemlipa daktari kwa huduma ileile. Kazi ya daktari ya dola 100, yake 85. Ila ipo njia: kama daktari ndiye aliyeanzisha matibabu ya mgonjwa huyo, na anapatikana kusimamia siku hiyo, basi nesi anaweza kumwona mgonjwa, akampima, akamwandikia, halafu ankara ikaenda kwa jina la daktari, ikalipwa 100 kamili. Ni halali, imo kwenye kanuni. Kliniki inaingiza 15 zake. Ukija kupekua hesabu za nchi kujua nani alitibu wazee wangapi, yule nesi hayumo.

Mama wa vitumbua akaacha kupanga sahani. "Kwa hiyo mtu anasoma mpaka udaktari, anaandika herufi zote hizo, halafu kwenye karatasi ya pesa jina linatoka?"

Linatoka, mama.

"Hilo halijaanza kwao," mzee karani akasema. Akaeleza kwamba daftari la upasuaji la hospitali aliyokuwa yeye lilikuwa na safu ya jina la mpasuaji, na kwa miaka mingi safu hiyo ilijazwa jina la mganga mkuu, hata usiku ambao mganga mkuu alikuwa mkoani kwenye semina na aliyesimama na kisu ni daktari msaidizi, na aliyelaza mgonjwa ni nesi.

"Na nani alikuwa anajaza?" akauliza dereva wa bajaji.

"Karani," mzee akasema, akanyoosha kikombe aongezewe.